Wanafunzi wangu wanataka kujenga tovuti ya msitu, magofu na mila zetu. Tuanze wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Kilifi, si mbali na Gede. Wanachama wa klabu yetu ya mazingira wameamua kujenga tovuti kuhusu maumbile, historia na utamaduni wa hapa kwetu. Wameshagawana kazi: kundi la kwanza lina Msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, la pili magofu ya Gede, la tatu kaya, yaani misitu mitakatifu ya wazee, na mila za Wagiriama. Kompyuta zinazofanya kazi ni chache, intaneti ni ya kubahatisha na pesa hazipo za kutosha. Mimi nafundisha Jiografia. Mambo ya kompyuta najifunza pamoja nao. Tuanze wapi, na kuna lipi la kuchunga kabla hatujaweka kitu hewani?

Jibu: Mwalimu, niruhusu nianze na hilo la mwisho. Ndilo zito zaidi, na kundi lako la tatu litakutana nalo siku ya kwanza tu.

Ukiwatuma vijana waandike kuhusu mila za Wagiriama, picha watakayoitaka kabla ya nyingine zote ni ya kigango. Siwalaumu. Gogo la mti mgumu lililochongwa nakshi za pembetatu, kichwa cha duara juu, limesimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa gohu, chama cha wanaume wenye heshima: hakuna simu itakayobaki mfukoni. Ila wasimulie kisa hiki kwanza. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango vile vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy alikuwa akitazama slaidi za mtafiti mwenzake, mara akakiona kimojawapo. Kilikuwa kimehifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu jimboni Illinois. Cha pili kikaja kupatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007, na ushahidi uliovirudisha ni ile picha ya 1985.

Vingine, kwa mamia, vilivuka bahari vikauzwa kama sanaa ya kupambia sebule, na vingi havina picha wala jina la ukoo vilikotoka. Kwa hiyo mimi siwaambii watu wasipige picha. Vijana wapige, waandike tarehe, waandike jina la aliyewapa ruhusa, waandike kigango ni cha nani, kisha vyote hivyo vifungiwe kwenye diski ya shule na nakala apewe mwenye boma. Kwenye tovuti iende maelezo ya kigango ni nini na kwa nini hakiondolewi mahali pake, na ikibidi kuwe na picha, iwe ya kilichomo tayari ndani ya makumbusho hapa nchini. Jina la kijiji, njia ya kufikia, mti wa alama ulio jirani, hayo yasionekane popote. Mwizi wa siku hizi hahitaji kumhonga mtu wa kijijini amwonyeshe. Anatafuta mtandaoni akiwa kwake.

Na hapa pana mtego ambao walimu wengi hawaujui. Simu ikipiga picha huandika ndani ya faili mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya setilaiti, kama kitambulisho cha eneo kilikuwa kimewashwa. Jicho halioni kitu, lakini yeyote akiipakua ile picha anaweza kufungua maelezo yake akaona nukta kwenye ramani. Kabla ya safari yoyote, simamisha kundi zima, kila mtu afungue mipangilio ya kamera na kuzima eneo, mmoja mmoja, mbele yako. Picha zilizokwisha kupigwa zisafishwe kwenye kompyuta kabla ya kupandishwa. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida maelezo hayo huondoka, lakini ubora nao huondoka. Ikitumwa kama faili, kila kitu husafiri nayo.

Kaya nazo ni vivyo hivyo, na zaidi. Misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda (Wagiriama wakiwemo) iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, kwa hiyo mengi ya jumla yapo wazi na wanafunzi wanaweza kuyaandika bila wasiwasi: kwamba zilikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu, kwamba watu walianza kuhama kidogo kidogo hadi katikati ya karne ya ishirini zikawa hazina wakaaji, kwamba wazee ndio walinzi wake, na kwamba kwa sababu ya makatazo ya wazee hao kuna miti leo ndani ya kaya ambayo nje yake imekwisha kwa mkaa. Hilo la mwisho ni somo la Jiografia kabisa, litumie. Lakini yaliyomo ndani, fingo (kago la kuilinda kaya) liko wapi, nini husemwa wakati wa maombi, si mali ya klabu. Wazee wakisema jambo hili liishie hapa, liishie hapo hapo, hata kama ndilo tamu kuliko yote mliyorekodi. Kenya tangu 2016 ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, lakini kwa kweli mwanafunzi hahitaji kusoma sheria ili aelewe neno la mzee.

Mkienda, nendeni kama mnavyokwenda kwa wakubwa. Mtangulie wewe au mzazi mwenye heshima kijijini, peke yenu bila wanafunzi, mkaeleze nia. Ulizeni kuhusu kadzama, zawadi ya heshima wanayopelekewa wazee. Wazee wenyewe watawaambia kama inatakiwa na kwa sura gani, maana siku hizi mara nyingi hutolewa kwa pesa. Pia waelezeni "tovuti" ni kitu gani kwa vitendo: mwonyesheni mzee kwenye simu picha ya kijiji kingine, mwambieni kwamba mtu aliye Nairobi na aliye Ulaya wanaiona sasa hivi kama anavyoiona yeye, na kwamba ikishasambaa hakuna awezaye kuirudisha yote. Ruhusa ya mtu ambaye hakuelewa hivyo sio ruhusa, hata akitia kidole gumba kwenye karatasi.

Kundi la kwanza lina siri zake pia. Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 tu, ina bundi mdogo wa Sokoke ambaye zaidi ya hapa hupatikana mahali pachache tu, kama chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kuna sange wa kiuno cha dhahabu, yule mnyama wa pua ndefu anayejenga kiota cha majani makavu ardhini na kutimka mtu akikaribia. Kusema wapo ni fahari yenu. Kusema bundi analala kichaka gani ni kumletea msururu wa watu wenye tochi. Wakitaka kutunza kumbukumbu kisayansi, iNaturalist ni mahali pazuri: kwa viumbe walio hatarini mtandao huo huificha nukta halisi na kuonyesha eneo pana tu. Akaunti ni kwa waliotimiza miaka 13, kwa hiyo vijana wako wamevuka.

Mwisho wa tahadhari: watoto wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Wengi wenu mtaniambia shule ina fomu ya jumla iliyotiwa saini mwanafunzi alipojiunga. Msiitegemee. Andika karatasi ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili, iseme ni tovuti gani na kitawekwa nini. Mimi napenda waandishi watajwe kwa jina la kwanza na kidato, bila picha ya uso. Inatosha kumpa mtoto sifa yake.

Haya, sasa tuanze wapi.

Tuanze kwa kupunguza. Makundi matatu, kila moja na ulimwengu wake, yataleta kurasa nyingi zenye vichwa vya habari na aya moja moja iliyonakiliwa. Nimeziona tovuti za shule za namna hiyo: "Utangulizi", "Historia", "Utamaduni", "Wanyama", na chini ya "Utamaduni" maneno "ukurasa huu unaandaliwa" ambayo yamekaa tangu waandishi wake wako kidato cha pili mpaka wamepata watoto. Mwambie kila kundi lilete ukurasa mmoja. Ukikamilika, ukasomwa na mtu wa nje akauelewa, ndipo waruhusiwe wa pili.

Na ukurasa huo uwe juu ya jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kuliandika. Hiki ndicho kipimo changu na sina kingine. Kwamba Gede ni mji wa kale uliozungukwa na msitu, hilo limeandikwa mara elfu, kwa kila lugha, na tangu magofu yaingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 limeandikwa tena mara elfu nyingine. Wanafunzi wako wakiliandika la elfu na moja watakuwa wamefanya mazoezi ya kuchapa tu. Lakini wao wanaishi pale. Wanaweza kuchukua kitu kimoja cha Gede wakakitazama mpaka kiseme.

Kwa mfano kisima. Karibu na Msikiti Mkuu pana kisima kirefu ambacho leo hakina maji. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, aliona kwamba kilikuwa kimeongezwa kina, akaona hapo dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Ni moja ya sababu zinazotajwa za mji kuachwa katika karne ya 17. Nyingine ni vita: Wazimba walioteketeza Mombasa mwaka 1589 na kisha kuelekea Malindi, halafu shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini. Kurasa nyingi za mtandaoni huchagua sababu moja na kuitangaza kama kwamba mwandishi alikuwepo. Kundi lako lifanye tofauti. Liweke sababu zote mezani, na chini ya kila moja liandike ushahidi wake ni upi: shimo linaloonekana, maandishi ya Wareno, au masimulizi. Halafu liende vijijini kuuliza visima vya leo vina kina gani, vipi vimekuwa vya chumvi, na wazee wanakumbuka vikiwaje. Ukurasa wa namna hiyo utasomwa na mwanajiolojia, na bibi aliyewapa habari naye atausoma, maana kisima chake kimo.

Au wachukue kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Mwanafunzi akijifunza kuigeuza tarehe hiyo mwenyewe kwenye daftari, badala ya kuinakili, atakumbuka kwamba mtu yule alizikwa karibu miaka mia moja kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Nyumba za Gede nazo zimepewa majina kwa vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kijana mmoja, nyumba moja, picha tatu, maneno mia tatu. Uongozi wa magofu uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Pelekeni barua ya shule mapema, mseme mnataka kupiga picha za kuchapishwa, na msirushe droni hata mkiazimwa ya mtu.

Kundi la tatu, kama mzigo wa kaya utawashinda kwa mwaka huu, lipeni Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza. Hapo wanafunzi watajifunza kitu kikubwa cha historia: namna chanzo kinavyopinda habari. Upo upande wa serikali ya kikoloni, barua na ripoti za maofisa kama Arthur Champion, ambazo ndani yake mama huyu ni mchochezi aliyewafanya watu wakatae kodi na kazi ya lazima. Na upo upande wa wajukuu, ambao ndani yake ana kuku na vifaranga, mfano aliowaonyesha watu namna ya kuwatetea watoto wao, ana ngoma ya kifudu, ana kiapo. Yaliyo thabiti ni kwamba alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka na kurudi pwani, akakamatwa tena 1914, na mwaka huohuo Waingereza wakailipua kaya kuu ya Wagiriama, Kaya Fungo, kwa baruti. Sasa mwambie mwanafunzi akusanye kisa cha kuku kutoka kwa wazee watatu wa vijiji vitatu na aviweke vyote vitatu kama vilivyosimuliwa, bila kuvisawazisha. Aliyempa kisa anaongea hivi, mwingine vile. Kazi ya kijana ni kuandika nani alisema, wapi, lini. Asije akaamua yeye kipi ndicho cha kweli akavitupa vingine.

Kundi la kwanza nalionea wivu kuliko yote. Kuna ndege anaitwa kwera wa Clarke, ambaye maisha yake yote yamo ndani ya kaunti yenu. Wanasayansi wanamjua tangu 1913, lakini mahali anapotagia mayai hapakujulikana mpaka mwaka 2013, alipokutwa anajenga viota kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Miaka mia! Wasomee vijana habari hiyo siku watakayokuambia kwamba kila kitu kimeshajulikana na kuandikwa.

Lakini kwa kuanza ningewashusha Mida, kwenye mikoko. Vitabu vitawapa majina: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Kisha watafute mzee aliyewahi kukata au kuuza miti hiyo, wamuulize kuhusu fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Kila jina ni unene wake na kazi yake katika nyumba, na ukiwa na kipande cha uzi mkononi unaweza kuupima. Wapige picha mkono wa mzee ukishika kila saizi. Wamuulize lipi lilikwenda wapi, kwenye jahazi la kwenda Arabuni au kwenye nyumba ya jirani, na siku hizi ukataji unaruhusiwa vipi. Mambo haya yamo vichwani mwa watu waliopita miaka sabini, na kwenye mtandao ni haba mno.

Mnazi nao hivyo hivyo, kama Mida ni mbali. Kitale, dafu, koroma, nazi, mbata: waviweke juu ya jamvi kwa mstari, wavipasue, wapige picha ndani na nje, waeleze kila kimoja huliwa vipi au hufanywa nini. Kwenda kwa mgema kunahitaji busara yako kama mwalimu, lakini kotama yake, yaani kile kisu cha kugemea, ngazi alizochonga kwenye shina, na jinsi anavyolifunga karara analoligema ni ufundi wa kuandikwa.

Niseme neno kuhusu mahojiano yenyewe, maana ndipo kazi nyingi huharibikia. Mwanafunzi huketi mbele ya bibi na kusoma kutoka kwenye karatasi: "Naomba utueleze kuhusu utamaduni wa Wagiriama." Bibi hujibu kama anavyojibiwa mgeni wa serikali: zamani watu walipendana, watoto walikuwa na adabu, vyakula vilikuwa vya asili. Rekodi imejaa na hakuna kitu. Mfundishe kijana aulize vitu vinavyoshikika. Nyumba uliyozaliwa, mlango wake ulitazama wapi? Nani alisuka makuti yake, na mlikata wapi miti? Mwaka wa njaa mlikula nini ambacho sasa watu hawali? Nani alikufundisha, na ulipokosea alifanyaje? Ukimuuliza mtu mlango ulikuwa wapi, ataanza kuchora kwa kijiti mchangani, na hapo habari ndipo inapoanza kutiririka. Mchoro ule upigwe picha. Mwenye simu ya kurekodi akae karibu na kuku wafukuzwe mbali. Upepo wa kusi na majogoo vimeniharibia rekodi nyingi kuliko simu mbovu.

Wazungumze lugha ya nyumbani. Kama bibi anasema Kigiriama, rekodi iwe ya Kigiriama, na sauti yake iwekwe kwenye ukurasa dakika mbili tatu, chini yake maelezo kwa Kiswahili. Kiingereza kije baadaye kwa muhtasari, kama mtapata nguvu. Najua vijana watabisha, watasema tovuti ni ya dunia nzima. Dunia nzima haimjui bibi. Wajukuu wake walioko Mombasa na Doha ndio watakaofungua wa kwanza, na wanataka kumsikia kama alivyo. Kisha kabla ya kuchapisha mrudieni, mumsomee mlichoandika na kumchezea sauti yake. Mara nyingi atasahihisha jina, na mara moja moja atasema, "Hilo la mjomba liondoeni." Liondoeni.

Wanafunzi watajaribu kumwachia akili unde awaandikie. Kwa kurekebisha msimbo wa ukurasa uliokataa kufunguka, sina ugomvi. Kwa habari za kijiji chenu marufuku, kwa sababu programu hizo zikikosa habari hutunga, na hutunga kwa ufasaha. Picha za kuokota mtandaoni pia hapana. Kuonekana kwenye utafutaji si ruhusa ya kutumia. Zikihitajika, zipo za Wikimedia Commons, na kila moja ina masharti yake na jina la mpiga picha la kutajwa. Ila mna simu na mnaishi pale. Mtakosa picha gani?

Sasa mitambo, na hapa nitakwenda mbio maana ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Fanyeni tovuti ya kurasa tuli: mafaili ya kawaida ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na picha ndani ya folda moja. Kijana akikaa nayo vipindi vichache anaweza kuandika kichwa, aya, picha na kiungo, na hahitaji zaidi. Mtaambiwa mtumie WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Ni nzuri, lakini inataka kusasishwa mara kwa mara, na isiposasishwa huvamiwa. Likizo ya Desemba mtaacha ukurasa wa sange, Januari mtakuta matangazo ya kamari. Google Sites ni ya bure na nyepesi kujifunza, ila kuijenga kunataka mtandao muda wote, na siku mkitaka kuhama mtasumbuka. Folda ya mafaili mnaweza kuijenga bila intaneti kabisa, kwenye kompyuta zenu hizo chache, kisha mkaipandisha siku mtandao ukiwepo. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, itaipokea bila malipo. Faida nyingine, ambayo mimi naiona kubwa: folda hiyohiyo inakopika kwenye flashi au memori kadi na kufunguka kwenye simu isiyo na bando. Shule ya msingi jirani inaweza kuwa na tovuti yenu yote bila kuingia mtandaoni.

Uzito wa picha ndio utakaowaua msipoangalia. Picha ya simu ya leo ni megabaiti nne, pengine zaidi. Kumi kwenye ukurasa mmoja ni arobaini, na mama mwenye bando dogo hatamaliza kuziona. Zipunguzwe upana ziwe pikseli 1200 hivi, na kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Hapo kumi zote ni megabaiti mbili. Zile za asili, kubwa, msizifute. Zikae kwenye diski na majina yanayoeleweka: mahali kwa ujumla, kitu, tarehe. Faili linaloitwa IMG_4471 baada ya mwaka hakuna anayejua ni nini. Na kabla hamjatangaza kitu, fungueni tovuti kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote mtakayoipata, nje, juani, saa saba mchana. Maandishi ya kijivu juu ya picha ya msitu, ambayo vijana huyapenda sana, yatajiua yenyewe hapo.

Jina la tovuti linaweza kusubiri. Siku mkilitaka, shule za Kenya zina mwisho wake wa .sc.ke, unaopatikana kwa mawakala waliosajiliwa na KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, na hulipiwa kila mwaka. Lisajiliwe kwa jina la shule na barua pepe ya ofisi. Nasisitiza, ya ofisi. Mwalimu huhamishwa. Najua shule moja ambayo tovuti yake ilikuwa kwenye barua pepe binafsi ya mwalimu kijana mwenye bidii. Akahamishiwa bara, akabadilisha namba, ada ikapita muda, na jina la shule likanunuliwa na mtu mwingine kabisa. Kazi ya miaka ya wanafunzi ikayeyuka, kwa kuwa hata nakala hapakuwa nayo.

Kwa hiyo nakala: moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye diski inayolala nje ya chumba cha kompyuta, na ya tatu ile iliyo hewani. Kila mkiongeza ukurasa, ingizeni anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, bonyezeni kuhifadhi, nao watabaki na nakala hata ninyi mkipotea. Ni dakika moja na haina malipo. Nywila ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe kwenye bahasha, bahasha ifungiwe kwa mwalimu mkuu. Wataalamu wa usalama watanuna, lakini wao hawajui mambo ya shule.

Wateue mwanafunzi mmoja wa kidato cha chini awe mtunzaji pamoja na wa kidato cha juu, ili anayeondoka amwache aliyefundishwa. Na rekodi zote za wazee, zikiwa zimetimia, pelekeni nakala kwa familia zao kwenye memori kadi, hata kama hawana cha kuchezea leo.

Kuhusu pesa, omba mwalimu mkuu vitu viwili tu kwa kuanzia: diski ya nje na nauli za makundi matatu. Mengine yote niliyoyataja hayana bei, au yanasubiri. Na yale maswali ya kundi la tatu, kabla hawajaketi na wazee, niandikie niyatazame.